Nyumba ya Kuitika

2 Desemba 2024

Daftari hili lilikuwa la kemia. Nimezichana kurasa za mbele, zilizobaki ni zangu.

Nilimaliza shule mwezi wa saba. Mtihani wa serikali nilifaulu kwa asilimia sitini na tatu, na tangu hapo ninangoja. Baba anasema chuo kikuu ni mwaka kesho. Yeye yuko upande wa Kasomeno, lori lake limelala kwenye tope. Mama anashinda kwenye depo, duka letu la jumla kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, anarudi giza likiingia. Mimi ninabaki nyumbani na mvua.

Lakini leo nimepata kazi. Yaya Clément, kama tunavyomwita kaka mkubwa huku, ni mtoto wa Mama Simone mwenye parcelle, kiwanja tunachopanga, na yuko mwaka wa mwisho wa udaktari. Lazima afundishe somo moja mbele ya maprofesa wake: jinsi seli T zinavyoamka kupigana na jinsi zinavyotulizwa. Akaniletea karatasi kubwa sita na rangi.

“Abi, uko na mukono muzuri. Unichoree yote hapa. Umeme ikikatika, ile mashini ya kuonyesha picha inakufa. Karatasi haikufake.”

Nilisema ndiyo kwa kichwa. Seli T ni nini hasa, sikuuliza.

8 Desemba, Siku ya Mungu

Baada ya misa, mkutano wa avenue, barabara yetu. Wezi wameingia nyumba tatu mwezi huu. Papa Rigobert, chef wetu, mkuu wa avenue, amegawa filimbi, moja kwa kila nyumba mbili. Nyumba yenye filimbi ina nyumba ya mbele inayoiitika.

“Filimbi peke yake, muntu asitoke,” akasema. “Batoto banacheza na filimbi, balevi banacheza na filimbi. Nyumba ya mbele inafungua dirisha, inaangalia. Ikiona mwizi kweli, inapiga sufuria. Njo pale avenue yote inatoka. Tumesikilizana?”

“Na kama mwenye sufuria iko analala?” akauliza Paulin, yule anayechomelea vyuma.

“Basi mwizi atamupikia bukari!”

Watu wakacheka, kila mtu akiona mwizi anasonga ugali. Filimbi ya upande wetu imeenda kwa Précieuse, fundi wa cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na dirisha letu. Mama hayuko nyumbani mchana, kwa hiyo wa kuitika ni mimi. Précieuse akanitazama toka juu hadi chini.

“Ni huyu njo munanipa? Huyu akisalimia, hata nzi haisikie.”

Wakacheka tena. Mimi nilitazama viatu vyangu.

14 Desemba

Mvua. Nimeosha nguo, hazikukauka.

19 Desemba

Nimechora karatasi ya kwanza. Kushoto seli yenye matawi, kama mti uliong’olewa. Kazi yake ni kuzunguka mwilini, kumeza vipande vya adui, kisha kuvibeba hadi kwa seli T, askari wa mwili, na kuvionyesha. Seli T inakigusa kipande. Ikikitambua, hiyo ni ishara ya kwanza.

Nilidhani vita vinaanza hapo. Yaya Clément akatikisa kichwa.

“Haitoshi. Kutambua peke yake haitoshi. Lazima ile seli ya matawi itoe mukono ya pili, inaitwa B7. Seli T inaishika na mukono yake, CD28. Ile njo ishara ya pili. Ishara ya pili inasema: niliona hatari, si muchezo.”

“Na inatoa mkono huo wakati gani?” Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi nirudie.

“Ikionja hatari yenyewe. Ikigusa mikrobe, inatoa mikono mingi. Isipoonja, inaficha.”

Nikafikiria Papa Rigobert na sufuria zake. Nikamwambia. Yaya Clément alicheka mpaka akakaa chini. “Chef ni mwanabiolojia na hajue!”

Ni mara ya kwanza kumchekesha mtu mkubwa.

6 Januari

Filimbi, asubuhi. Nilifungua dirisha, nikaangalia: mtoto wa Précieuse anacheza nayo. Sikupiga kitu. Précieuse alimchapa, kisha akaniona dirishani, akanipungia mkono. Sikujua kama nimpungie. Nilipoamua, alikuwa ameingia ndani.

27 Januari

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Mama amesikia sokoni. Sisi ni watu wa Butembo, tulikuja huku nikiwa na miaka saba, lakini dada ya Baba yuko Goma na mtoto wake Bénit. Simu haiingii. Mama ameiweka simu katikati ya meza, na tumekula tukiizunguka.

Bénit alikuwa ananibeba mabegani. Namkumbuka shingo. Uso siukumbuki.

28 Januari

Simu haiingii.

29 Januari

Haiingii.

3 Februari

Kitu kimebadilika katika avenue na sijui ni lini. Kwenye bomba la maji wanawake wanaongea, nikifika wananyamaza, kisha wanaongea tena, kwa sauti nyingine. Paulin, ambaye mwaka jana alinitengenezea baiskeli bure, ameniuliza: “Abi, benyewe mulitoka wapi kabisa?” Nikasema Butembo. “Butembo iko karibu na kule, si njo?” Nikasema sijui. Ninajua.

Watu wanasema wapelelezi wanaingia mjini pamoja na wakimbizi. Nani aliwaona? Kila mtu anasema jirani yake.

Yaya Clément amenieleza leo: seli T ikitambua kipande bila kupewa ishara ya pili, haipigani, na hata kesho haitapigana. Inapoa. Inaishi lakini haiitiki tena. Niliandika hivyo kwenye karatasi ya pili kwa rangi ya kijivu. Nilipomaliza nilihisi nimejichora mwenyewe, nikaona aibu.

12 Februari

Somo la Yaya Clément limeahirishwa tena. Chuo kimefungwa wiki hii, hakuna anayesema kwa nini.

Karatasi ya nne ni breki. Inaitwa CTLA-4. Siielewi. Kwanza, haitokei kabla. Inatokea baada ya seli T kuamka. Pili, haina pake pa kushika. Inashika mkono ule ule wa B7 ambao CD28 ilikuwa inaushika, ila yenyewe inaushika kwa nguvu zaidi, mpaka CD28 inakosa nafasi.

“Mbona isiwe na mkono wake?” niliuliza.

“Chora tu, Abi.”

Nimechora mara tatu. Kila mara inaonekana kama mikono miwili inayogombania kitu sokoni.

20 Februari

Ninaandika kwa penseli.

Ilikuwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hata mawazo yangu sikuyasikia. Nilikuwa nimefunga dirisha ili karatasi isilowane, rangi ilikuwa mbichi bado. Nikasikia filimbi. Mara moja, kisha tena. Ilikuwa ya Précieuse, yeye anaipuliza kwa kukatakata kama mtu anayekohoa.

Nilijua la kufanya. Kufungua dirisha, kuangalia, halafu. Lakini mvua ingeingia. Lakini rangi. Lakini nilifikiri: Précieuse atasema nimelala, atamwambia Papa Rigobert. Nikachukua muiko wa bukari, nikapiga sufuria.

Dirisha sikulifungua.

Sufuria ilitoa sauti kubwa kuliko sauti yoyote niliyowahi kutoa mimi. Mwanzoni, na hili lazima niliandike, nilifurahi.

Nyumba ya tatu ikaitika. Ya tano. Kisha avenue yote, sufuria, mabati, vifuniko. Nikatoka. Katika mtaro mbele ya mlango wa Précieuse alikuwepo mtu chini, amefunika kichwa kwa mikono, na begi lake limepasuka, maharage yamemwagika kwenye maji. Précieuse alikuwa analia huku akipiga kelele: “Alishika mulango yangu! Anachungulia!” Mwingine: “Musikie namna anasema! Ni bale ba kule!” Paulin alikuwa anampiga kwa viatu vyake vya kazi. Paulin wa baiskeli.

Mtu yule alikuwa anasema kitu kile kile, tena na tena, na sufuria zilikuwa zinakifunika. Nilikuwa hatua chache tu. Nikasikia: “Kwa Kataliko! Natafuta kwa Kataliko!” Kisha: “Kyakimwa!”

Kataliko ni Baba. Na katika avenue hii hakuna anayeniita Kyakimwa. Hapa mimi ni Abi. Jina lile ni la nyumbani, la Butembo, la mabegani.

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nimeandika hivyo kwenye madaftari ya shule, “alishikwa na woga, sauti haikutoka,” nikidhani ni maneno ya insha. Nikageuka nikakimbia. Mtu akiniona angesema nakimbia kumwacha, na sina hakika kama angekosea. Nilimkuta Mama Simone kwenye mbabula yake, jiko la makaa, nyuma ya nyumba. Nilimvuta mkono. Akainuka.

Aliingia katikati ya watu na nywele zake nusu zimesukwa. Alisimama juu ya Bénit, mguu huku na mguu huku, na akashika fundo la kitenge chake.

“Weye Paulin. Siku ulizaliwa, nani alishika mama yako mukono? Si miye? Mugonge tena. Mugonge, nifungue.”

Huku kila mtu anajua maana yake. Mwanamke aliyezaa akijivua kitenge kwa hasira mbele ya watu, laana inampata kila aliyemwona. Wanaume wakageuza nyuso. Muiko mmoja ukashuka, kisha mwingine. Papa Rigobert akavua kofia kwenye mvua. Sufuria ya mwisho ilikuwa mbali, mwishoni mwa avenue, mtu ambaye hakuona kinachoendelea. Iliendelea kidogo peke yake, ikanyamaza.

“Huyu muntu anatafuta nani?” akauliza Mama Simone.

Hapo ndipo sauti yangu ilitoka. “Sisi,” nikasema.

21 Februari

Hajaamka. Mbavu nne, jicho, na damu ndani ya tumbo. Yaya Clément ndiye aliyempeleka hospitali. Aliyemshika kichwa ndani ya teksi njia nzima ni Paulin. Sielewi. Nimeiandika kama ilivyotokea.

22 Februari

Hajaamka. Mama amelala kwenye benchi. Baba anasema kwa simu kwamba Bénit alifika Kasomeno usiku wa tarehe kumi na nane kwa lori la samaki, akapita mita mia mbili toka lori letu. Wiki tatu njiani: ziwani, Kalemie, Pweto. Alikuwa na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki, na maharage ya shangazi kwa ajili yetu.

23 Februari, Siku ya Mungu

Papa Rigobert amekuja kuomba msamaha kwa niaba ya avenue. Akasema, “Lakini utaratibu ulifuatwa. Filimbi, halafu sufuria. Nyumba fulani iliona, ikaitika.” Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai.

Nyumba fulani.

Jioni Précieuse alinikuta kwenye bomba. Macho yake yamevimba. Alinong’ona: “Filimbi ni miye. Sufuria ya kwanza ni weye. Nilisikia. Tuko babili, Abi. Mama yako anajua?”

Nikatikisa kichwa.

“Basi,” akasema, akabeba ndoo yake. Sikujua kama “basi” ile ni tishio au ni huruma. Ninaigeuza kichwani hadi sasa.

25 Februari

Amefungua jicho moja. Amesema “maji”.

1 Machi

Nilimuuliza Yaya Clément, kwenye veranda ya hospitali, kama kuna viumbe wanaozaliwa bila ile breki.

“Panya. Wataalamu baliitoa makusudi. Panya hawa hawamalize mwezi. Seli zao zinajaa ndani ya moyo, ndani ya ini, zinakula panya mwenyewe. Hakuna ugonjwa. Hakuna adui. Ni zenyewe tu hazikuambiwa kuacha.”

“Kwa hiyo breki ni nzuri.”

“Kansa nayo inajua breki. Kuko ingine, PD-1. Kansa inaishika, seli T zinapita pembeni kama askari aliyeambiwa hakuna kitu hapa. Sasa kuna dawa ya kukata breki, zile seli zinakula kansa. Mara ingine zinakula na matumbo ya mugonjwa.”

“Sasa ni nzuri ao mbaya?”

“Ku examen uandike: yote mbili.” Akacheka kidogo, kisha akaacha. Mama Simone alikuwa amekaa karibu, anamenya machungwa. Akasema bila kumtazama yeyote: “Likasi, mwaka wa 92, batu wetu wa Kasai wakifukuzwa mpaka kwenye gari la moshi, tulikuwa wanawake wengi pale. Hakuna aliyeshika fundo. Tuliona haya.” Akampa Clément chungwa. “Ndugu yangu alikufia kule.”

9 Machi

Bénit yuko nyumbani. Amelala kwenye kitanda changu, mimi niko chini. Ni mpole. Anaomba samahani akikohoa. Ameniita Kyakimwa mbele ya watu na sasa avenue nzima inaniita hivyo, hata Paulin, anayeleta makaa kila asubuhi na kuyaacha mlangoni.

11 Machi

Mvua. Sikumwambia.

12 Machi

Sikumwambia.

16 Machi, Siku ya Mungu

Nilimwandikia Bénit habari yote ya sufuria. Ukurasa mmoja wa daftari hili, nikauchana, nikamwekea juu ya blanketi, nikatoka nje nikasimama kwenye mvua ndogo. Aliniita baada ya muda mrefu.

“Ungefungua dirisha ungeona nini?” akauliza.

“Mtu mwenye begi.”

“Anafanya nini?”

“Anabisha hodi.”

Akakunja karatasi mara nne. “Sawa,” akasema. Hakusema nimekusamehe, hakusema toka.

Mama nimemwambia jioni. Alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti gizani, na giza lilikuwa halijaingia.

19 Machi

Bénit amesema: “Nionyeshe zile karatasi zako.” Alizitazama zote. Kwenye ile ya breki akasema, “Hii haijaisha.” Nikasema ndiyo.

3 Aprili

Mvua ya mwisho-mwisho, nzito. Saa kumi na mbili na nusu jioni, umeme umekatika. Nilikuwa nasonga bukari, Bénit amekaa karibu na meza. Filimbi. Ya kukatakata.

Aliyesimama kwanza si mimi. Bénit, na mbavu zake, aliruka, akaninyang’anya sufuria tupu iliyokuwa pembeni na muiko wangu wenye unga. Jicho lake lilikuwa kubwa. Mkono ulikuwa umeshapanda. Huyu ambaye sufuria zile zilimlaza hospitali.

Niliushika muiko. Pale pale alipoushika yeye, vidole vyangu juu ya vyake, kwa nguvu zangu zote. Alivuta. Sikuachia.

“Wanakuja,” akasema, na hakuwa anasema nami.

“Ngoja niangalie.” Niliongea kwa sauti ya kawaida. Sijui ilitoka wapi. Kwa mkono mwingine nilifungua dirisha. Mvua iliingia, ikalowesha karatasi zote. Nje giza, maji, hakuna kitu. Filimbi mara ya pili. Mara ya tatu, fupi. Niliangalia mpaka macho yakauma. Sikuona mtu.

Sikupiga.

Tulibaki hivyo, mikono miwili juu ya muiko mmoja, mpaka bukari ikaungua.

4 Aprili

Walikuwa wezi. Wawili, waliingilia nyuma. Wamechukua cherehani ya Précieuse na wamemvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Filimbi alipuliza akiwa amelala chini.

Nilipoyasikia hayo bombani, nikaweka ndoo chini, nikarudi nyumbani bila maji. Bénit akasema: “Ulifanya vizuri.” Mama akasema: “Hukuona, mwanangu, ungeitika nini?” Papa Rigobert akasema utaratibu ulifuatwa.

Yote mbili, ningeandika kwenye mtihani. Na ningepata alama.

6 Aprili, Siku ya Mungu

Karatasi nilizianika kwenye kamba. Rangi ya breki imeingia kwenye rangi ya ishara ya pili, sasa ni doa moja la zambarau. Yaya Clément anasema somo ni kazi mbili, yaani Jumanne ijayo, kama chuo kitafunguliwa, na kwamba atazipeleka hivyo hivyo. Mimi nitachora upya.

Lakini kwanza nilienda ng’ambo. Toka mlango wetu hadi wa Précieuse ni hatua kumi na nne, nimezihesabu. Tarehe ishirini Februari nilipiga kabla ya kuzitembea. Tarehe tatu Aprili sikuzitembea. Mara zote mbili nilikuwa na sufuria.

Alikuwa amekaa karibu na meza isiyo na cherehani, mkono umefungwa kwa kitambaa, suruali ya shule ya mtoto mmoja imebanwa kati ya magoti. Anashona kwa mkono wa kulia peke yake. Mshono ulikuwa umepinda.

“Nilikuwa naona dirisha yako,” akasema bila kuinua kichwa. “Ilikuwa wazi.”

“Ilikuwa wazi.”

“Uliniona?”

“Hapana. Ningekuja.” Kisha nikasema, kwa sababu ile haikuwa kweli: “Sikufikiria kuja. Nilifikiria tu kupiga ao kutopiga.”

Nje mtoto wake alikuwa anapiga filimbi, mbali, mchezo tu, na sote wawili tuligeuka, na mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla sijajua. Nikaangalia. Ni mtoto. Nikarudi nikakaa.

Précieuse alinitazama toka juu hadi chini, kama siku ile ya mkutano. Akachomoa sindano nyingine kwenye mto wa sindano, akaibana kwa meno, akaitia uzi, akanisogezea mguu wa pili wa suruali.

“Anza huku,” akasema. “Na useme sindano ikikuchoma. Nisikie.”